Mzigo wa Kiungo

Mtindo wa kutengeneza kurasa kwenye seva na kuzituma kwa kivinjari zikiwa zimekamilika umerudi. Kwa muda mrefu vijana waliingia katika kazi hii wakifundishwa kwamba ukurasa hujengwa ndani ya kivinjari kwa JavaScript, na kwamba kazi ya seva ni kutoa data tu. Mwaka 2020 ilitoka htmx, na mwishoni mwa mwaka huohuo wenye Ruby on Rails wakatoa Hotwire. Tangu hapo wengi wamegundua kuwa fomu ya kawaida na ukurasa wa kawaida vinatosha kwa kazi nyingi. Mimi nafurahi. Lakini pamoja na mtindo huo limerudi swali ambalo sisi tuliojifunza kazi enzi za PHP 4 tulidhani limeshazikwa: mtu amejaza kisanduku kwenye fomu, kisha amebonyeza kiungo cha kwenda ukurasa wa pili, mbona ukurasa wa pili haujui alichoandika? Swali hilo likijibiwa harakaharaka huzaa la pili lililo zito zaidi: kwa nini basi tusiviweke vyote kwenye kiungo? Majibu yanayotolewa leo ni yaleyale ya miaka ishirini iliyopita, na hasara zake ni zilezile, ilhali miaka ile ilikwisha kutuonesha mengi. Hoja yangu ni kwamba kiungo kinafaa kubeba kile mtu anachokiuliza, yaani mkoa gani, zao gani, ukurasa wa ngapi. Hakifai kubeba siri za mtu, wala amri ya kubadili kitu, wala ruhusa ya kuona kisicho chake.

Nianze na swali la kwanza, kwa sababu asiyelielewa hawezi kulijibu la pili. Chanzo chake ni wakati. Ukurasa unapotoka kwenye seva, viungo vyote vilivyomo vimeshaandikwa. Mtengenezaji ameandika, tuseme, <a href="hatua2.php?mkoa=Tanga">Endelea</a>, na neno Tanga amelipata kwenye hifadhidata au kwenye ombi lililotangulia. Msomaji anafika, anafuta Tanga kwenye kisanduku, anaandika Mtwara, anabonyeza Endelea, na kinachokwenda kwenye seva ni Tanga. Kiungo ni bahasha iliyofungwa kabla ya barua kuandikwa. Mwanafunzi huhangaika akitafuta amri ya PHP, ya JSP au ya ASP itakayosoma kilichomo kwenye kisanduku ili akiweke kwenye kiungo, na amri hiyo haipo wala haiwezi kuwapo, kwa kuwa msimbo wa seva ulimaliza kazi yake kabla msomaji hajagusa kibodi. Ndani ya HTML, chombo kilichowekwa kwa ajili ya kukusanya kilichoandikwa hapa na sasa ni kuwasilisha fomu, na fomu ikitumia njia ya GET, kivinjari chenyewe hukitengeneza kiungo: huchukua jina la kila kisanduku na thamani yake, huziunganisha kwa alama ya &, huzibandika baada ya alama ya kuuliza, kisha huenda. Kwa maneno mengine, anayetaka kiungo chenye thamani mpya hahitaji kiungo, anahitaji kitufe. Na akihitaji njia mbili, Rudi na Endelea, aweke vitufe viwili kwenye fomu moja na kila kimoja akipe formaction yake. Kuna mtego mdogo hapa unaowapotezea watu saa nyingi: kama fomu ya GET inaelekezwa kwenye hatua2.php?lugha=sw, kivinjari kitaifuta ile lugha=sw na kuweka vigezo vya fomu mahali pake. Ukiitaka lugha ibaki, iweke kwenye kisanduku kilichofichwa.

Jambo hili lilikuwa wazi tangu mwanzo kwa waliobuni mtandao. Mfumo wa kwanza wa HTTP, ule ambao Tim Berners-Lee na wenzake waliutumia CERN mwaka 1991, ulikuwa na amri moja tu, GET. Mtu alipotaka kutafuta neno, kivinjari kililiweka neno hilo baada ya alama ya kuuliza, na maneno yakiwa mengi yaliunganishwa kwa alama ya kujumlisha. Mwaka 1993 kivinjari cha Mosaic kilipoanza kuonesha fomu, na seva za NCSA kule Illinois zikapata utaratibu wa CGI wa kuzipokea, ndipo ikaonekana kwamba kutafuta na kutuma ni mambo mawili. Hati ya HTML 2.0, iliyotolewa Novemba 1995 kwa jina RFC 1866, ilikuwa tayari imeweka mpaka: fomu ambayo kuiwasilisha hakuachi mabadiliko ya kudumu, kwa mfano kutafuta kwenye hifadhidata, itumie GET, na inayobadilisha kitu, kama kurekebisha hifadhidata au kujiandikisha kwenye huduma, itumie POST. Nasisitiza tarehe hiyo kwa sababu kuna wanaodhani mpaka huu ni mtindo wa karibuni uliobuniwa na wapenda kanuni. Ulikuwapo kabla wengi wetu Afrika Mashariki hatujaona ukurasa wa kwanza wa intaneti, na tulioanza kazi miaka michache baadaye tuliupita bila kuusoma kwa sababu vitabu vya kujifunzia viliita GET njia ya watoto na POST njia ya wakubwa, kana kwamba tofauti ni ya ukubwa wa data.

Hali ya mtandao wetu wa wakati ule ilifundisha uzuri wa GET na ubaya wake kwa pamoja. Kabla ya nyaya za chini ya bahari kufika, SEACOM na TEAMS mwaka 2009 na EASSy mwaka uliofuata, sehemu kubwa ya intaneti yetu ilipita kwenye setilaiti, na kila ukurasa ulikuwa na gharama ya muda na fedha. Katika hali hiyo, matokeo ya utafutaji yaliyopatikana kwa GET yalikuwa neema. Kivinjari kiliweza kuyatunza na kuyarudisha mtu alipobonyeza kitufe cha nyuma, kiungo kiliweza kunakiliwa kwenye barua pepe, na mwenzako wa Dodoma alifungua orodha uliyoiona wewe Arusha bila kujaza fomu upya. Ukurasa uliopatikana kwa POST ulikudai utume tena data, au ulikuonya kwamba muda wake umekwisha. Lakini watu wengi walisoma mtandao kwenye mashine za kushirikiana, katika migahawa ya intaneti, au saiba kama wanavyoiita Wakenya. Mashine ile aliyoinuka mteja mmoja ilikaliwa na mwingine muda uleule, na kila kilichobebwa na kiungo kilibaki kwenye historia ya kivinjari. Ukianza kuandika herufi mbili za anwani, orodha ilishuka yenyewe: hapa jina la mtu, pale namba ya mtihani, pale namba ya simu. Fomu ya kuomba kazi iliyotumia GET iliacha maisha ya mwombaji kwenye upau wa anwani. Kwa hiyo kasoro ya kiungo na faida yake zinatoka mahali pamoja: kiungo hudumu, na kila anayekipata anaweza kukisoma.

Hata pale ambapo kuweka thamani kwenye kiungo ni sawa kabisa, kuiweka kwa usahihi ni kazi, na hapa majina yetu yanadai uangalifu ambao vitabu vya kigeni havikuuwaza. Chukua orodha ya kaunti 47 za Kenya. Mtengenezaji anaandika kiungo kwa kila kaunti, na kwa mazoea ya PHP anazungushia anwani alama moja ya kunukuu: href='tafuta.php?kaunti=Murang'a'. Kivinjari kinasoma hadi kwenye kistari cha juu kilicho baada ya g, kinaona alama ya kunukuu imefungwa, na kinaishia hapo. Seva inapokea kaunti inayoitwa Murang, haipati kitu, na mtumiaji anaambiwa hakuna matokeo. Kaunti nyingine zote zinafanya kazi, kwa hiyo kosa linaweza kukaa mwaka mzima bila mtu kulihisi. Ukiacha alama za kunukuu kabisa, atakayeumia ni Mtanzania: href=tafuta.php?mkoa=Dar es Salaam inakuwa Dar tu, kwa kuwa nafasi ya kwanza ndiyo mwisho wa thamani. Thamani inapaswa kusimbwa kwanza kama sehemu ya anwani, ili Murang'a iwe Murang%27a na Dar es Salaam iwe Dar+es+Salaam. Kisha anwani yote inapaswa kusimbwa tena kama sehemu ya HTML. Ni tabaka mbili, na moja haichukui nafasi ya nyingine. Amri ya urlencode ya PHP inakishughulikia kistari cha juu, lakini encodeURIComponent ya JavaScript inakiacha kama kilivyo. Nayo htmlspecialchars, ambayo vizazi viwili vya watengenezaji vimeitegemea, ilikuwa inaipita alama moja ya kunukuu bila kuigusa, isipokuwa umeiagiza, hadi PHP 8.1 ilipotoka Novemba 2021. Lugha yetu ina ng' katika ng'ombe na ng'ambo, na majina ya watu na ya mahali yamejaa sauti hiyo. Kwetu sisi hilo ni jaribio la kwanza la mfumo wowote, nami ningependa kila anayefundisha fomu alianzie hapo. Alama ya kujumlisha nayo ina kisa chake: namba ya simu inayoanza na +255 au +254 ikiwekwa kwenye kiungo bila kusimbwa, seva huisoma ile + kama nafasi tupu, na namba haitambuliki. Ingawa, kama nitakavyoeleza, namba ya simu haina kazi kwenye kiungo.

Usimbaji ukishakaa vizuri, linabaki suala la imani. PHP ya miaka ile ilikuwa na mpangilio ulioitwa register_globals, uliogeuza kila kigezo kilichokuja na kiungo kuwa jina la kutumia moja kwa moja ndani ya programu. Ilionekana kama fadhila kubwa: ukibonyeza hatua2.php?mkoa=Tanga, programu tayari ina $mkoa. Tatizo ni kwamba mtu yeyote angeweza kuongeza &msimamizi=1 mwishoni mwa anwani, na kama programu ilitumia $msimamizi bila kulipa thamani kwanza, mgeni akawa msimamizi. Mpangilio huo ulizimwa kuwa chaguo la kawaida katika PHP 4.2.0 mwezi Aprili 2002, lakini haukuondolewa kabisa hadi PHP 5.4 mwezi Machi 2012. Miaka kumi ya kuaga kitu ambacho kila mtu alikwisha kukubali kuwa ni hatari inaonesha jinsi urahisi unavyoshika watu. Ugonjwa huohuo ulikuwamo kwenye maduka ya mtandaoni ya mwishoni mwa miaka ya 1990 yaliyoweka bei ya bidhaa kwenye kisanduku kilichofichwa, mnunuzi akaweza kuibadili kabla ya kulipa. Mwezi Februari 2000 kituo cha CERT cha Marekani kilitoa tahadhari kuhusu upande mwingine wa imani hiyohiyo: thamani inayoletwa na kiungo na kuoneshwa kwenye ukurasa bila kusimbwa inaweza kuwa na msimbo wa mtu mwingine, na aliyebonyeza kiungo ndiye anayeuendesha kwenye kivinjari chake bila kujua. Haya yote yanarudi kwenye jambo moja. Kilichomo kwenye kiungo kimeandikwa na mtu usiyemjua, hata kama seva yako ndiyo iliyokitoa dakika moja iliyopita, kwa sababu kati ya kutoka na kurudi kilikuwa mikononi mwa mwingine.

Ushahidi kwamba kiungo kisibebe amri ulikuja mwezi Mei 2005, na ulikuja kwa namna ambayo hakuna aliyeweza kuupinga. Google walitoa programu iliyoitwa Web Accelerator. Kazi yake ilikuwa kuharakisha usomaji kwa kufungua mapema viungo vilivyokuwamo kwenye ukurasa kabla msomaji hajavibonyeza. Kwa mujibu wa HTTP walikuwa na haki: GET ni amri salama, haipaswi kubadili chochote, kwa hiyo kuifanya mapema hakuna madhara. Lakini programu nyingi za mtandaoni zilikuwa na kiungo cha Futa kilichoandikwa kama futa?id=15. Programu ya Google ilifanya kazi ndani ya kivinjari cha mtu aliyekwisha kuingia kwa nywila yake, na ilivifungua viungo hivyo kimya kimya. Watumiaji wa Backpack ya kampuni ya 37signals walikuwa miongoni mwa waliokuta kurasa zao zimetoweka. Visanduku vya JavaScript vya kuuliza "Una uhakika?" havikusaidia, kwa kuwa aliyefungua kiungo hakuwa mtu. Wapo waliowalaumu Google, na lawama hiyo ina uzito kiasi: ukijua nyumba nyingi zimejengwa vibaya, usipite nazo kwa kishindo. Lakini kanuni ilikuwa imeandikwa miaka kumi kabla. Na leo mashine zinazofungua viungo bila mtu ni nyingi kuliko wakati ule. Kiungo kikibandikwa WhatsApp, programu huenda yenyewe kwenye ukurasa ili ilete kichwa cha habari na picha. Mifumo ya kuchuja barua pepe maofisini hufungua viungo ili kuvikagua. Kiungo cha thibitisha?agizo=88 kinachofanya kazi kwa kufunguliwa tu kinaweza kuthibitishwa na mashine kabla mwenye agizo hajaisoma barua.

Upande wa ruhusa mifano ni ya fedha na ya aibu. Mwezi Juni 2010 ilibainika kwamba tovuti ya AT&T kule Marekani ilitoa anwani ya barua pepe ya mmiliki wa iPad kwa yeyote aliyeipa namba ya kadi yake ya simu ndani ya kiungo. Namba hizo zinafuatana, na waliozijaribu moja baada ya nyingine walikusanya anwani zipatazo 114,000. Mwaka uliofuata benki ya Citigroup iliingiliwa kwa njia isiyohitaji utaalamu mkubwa: wahalifu waliingia kwa akaunti halali, kisha wakabadili namba ya akaunti iliyokuwa kwenye anwani ya ukurasa na kuona za wengine, zaidi ya 360,000. Na mwezi Mei 2019 ikaripotiwa kwamba kampuni ya bima ya hati za nyumba ya First American ilikuwa na mamilioni ya nyaraka za wateja, kiasi cha kumbukumbu milioni 885 zilizoanzia mwaka 2003, ambazo mtu yeyote mwenye kiungo kimoja angeweza kuzisoma kwa kubadili tarakimu kwenye kiungo hicho. Hizi ni kampuni zenye idara nzima za usalama. Katika visa vyote vitatu seva iliuliza "unataka ipi?" na kusahau kuuliza "je, ni yako?" Namba kwenye kiungo ilichukuliwa kuwa uthibitisho kwamba aliyeileta ana haki nayo. Wapo wanaosema dawa ni kutumia namba ndefu za nasibu zisizokisika. Zinasaidia, maana First American isingevuja kwa urahisi ule. Lakini namba ndefu hupunguza uwezekano wa kubahatisha tu. Kiungo kikishanakiliwa, kikatumwa kwenye kundi au kikabaki kwenye mashine ya ofisi, urefu wake hauna msaada tena.

Pingamizi linalotolewa mara nyingi zaidi ni kwamba siku hizi kila kitu kinapita kwenye HTTPS, kwa hiyo anwani imesimbwa na hakuna anayeiona. Ni kweli kwa njiani. Anayesikiliza mtandao wa hoteli anaona unazungumza na tovuti gani, haoni kilicho baada ya jina lake. Lakini kiungo hakiishi njiani tu. Kinaandikwa kwenye historia ya kivinjari, na kivinjari kikiunganishwa na akaunti, historia hiyo husambaa kwenye vifaa vyote vya mtu huyo. Kinaandikwa kwenye logi za seva, na logi hunakiliwa, huhifadhiwa, hutumwa kwa kampuni za takwimu, husomwa na mafundi ambao hawana ruhusa ya kufungua hifadhidata yenyewe. Hadi mwaka 2020, Chrome ilipobadili kawaida yake katika toleo la 85 kwa kutuma jina la tovuti tu, vivinjari viliweza kuituma anwani yote pamoja na vigezo vyake kwa tovuti nyingine, ilimradi ukurasa wako una picha au skripti iliyotoka huko. Na mwisho kabisa, mtu mwenyewe hukituma kiungo bila kukisoma. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Taasisi inayoweka namba ya kitambulisho au hali ya afya ya mtu kwenye kiungo imeisambaza taarifa hiyo mahali ambapo yenyewe haiwezi tena kuorodhesha, sembuse kufuta mwenye taarifa akidai ifutwe. Kwangu hilo ni jambo la heshima kwa watu kabla ya kuwa la sheria.

Pingamizi la pili ni la kweli zaidi: kwamba POST nayo si siri, kwa hiyo kuhama kutoka kwenye kiungo kwenda kwenye fomu ni kujidanganya. Nakubali nusu ya kwanza. Anayejua kutumia zana za kivinjari anaona kila kisanduku kilichofichwa na anaweza kukibadili, na seva inapaswa kukagua kilicholetwa na POST kwa ukali uleule. Lakini tofauti niliyoitaja haihusu mshambuliaji anayekaa mbele ya mashine yake mwenyewe. Inahusu alama zinazobaki nyuma baada ya mtu mwaminifu kumaliza shughuli yake. Mwili wa POST kwa kawaida hauingii kwenye historia wala kwenye logi za kawaida, haunakiliwi mtu anapotuma anwani kwa mwenzake, na mashine za kukagua viungo haziutumi. Na usumbufu wa zamani wa kuulizwa utume data tena umepata tiba ya siku nyingi: seva ikimaliza kupokea POST, ijibu kwa kukielekeza kivinjari kwenye anwani ya GET yenye matokeo. Mtu akiburudisha ukurasa, kinachorudiwa ni kusoma, siyo kununua. HTTP 1.1 ilitenga jibu namba 303 kwa kazi hiyohiyo.

Kuna wanaokwenda mbali zaidi na kusema kila kitu kiwekwe kwenye sesheni ya seva, kiungo kibaki kitupu. Nawaelewa, kwa sababu kuki, ambayo sesheni kwa kawaida huitegemea na aliyoibuni Lou Montulli wa kampuni ya Netscape mwaka 1994, ilikuja kutatua shida hasa ya seva kusahau mtu kati ya ukurasa na ukurasa. Lakini tazama kinachotokea mtu akifungua vichupo viwili. Mama anatafuta shule kwa watoto wawili: kichupo kimoja amechagua Morogoro, kingine Iringa. Sesheni ni moja. Anachagua Morogoro, sesheni inashika Morogoro. Anachagua Iringa, sesheni inashika Iringa. Anarudi kwenye kichupo cha kwanza, anabonyeza "ukurasa wa pili", na anapewa shule za Iringa chini ya kichwa kinachosema Morogoro. Hakuna onyo, na mtengenezaji anayejaribu kwa kichupo kimoja hataliona kamwe. Zaidi ya hapo, sesheni huisha muda, kitufe cha nyuma huchanganyikiwa, na kiungo kilichotumwa kwa baba wa watoto humfikisha kwenye ukurasa mtupu. Mkoa uliochaguliwa ni sehemu ya swali, na swali liko mahali pake likiwa kwenye anwani. Kinachostahili sesheni ni utambulisho wa mtu na yale ambayo asingetaka mwingine ayasome. Fomu ndefu za hatua nyingi, kama maombi ya mkopo wa chuo, ziko katikati. Kwa hizo naona bora kuhifadhi rasimu kwenye hifadhidata, kiungo kibebe namba ya rasimu tu, na seva ihakikishe kila mara kwamba rasimu hiyo ni ya aliyeingia.

Wapo pia wanaojibu kwamba JavaScript imelimaliza suala: isikilize kisanduku, kila herufi ikiandikwa irekebishe kiungo, au isitumie kiungo kabisa. Kwa msomaji mwenye simu nzuri na mtandao mzuri itafanya kazi. Kwa mwenye simu ya bei ndogo, ambako skripti hufika nusu dakika baada ya maandishi, kiungo kilichobonyezwa mapema bado ni kile kilichofungwa kwenye seva, na tumerudi kwenye Tanga na Mtwara. Tena, programu zilizojengwa zote ndani ya kivinjari zimelazimika kuandika hali yake kwenye anwani kwa mkono, vichujio, mpangilio na namba ya ukurasa, kwa kuwa watu waliendelea kudai kitufe cha nyuma kifanye kazi na kiungo kiweze kutumwa. Hata suala la urefu limewafuata. Internet Explorer ilikomea herufi 2,083 kwa anwani nzima. Kiwango cha RFC 9110 cha mwaka 2022 kinashauri mifumo ikubali angalau baiti 8,000, ambazo zinatosha kwa swali lolote la busara lakini hazitoshi kwa barua ya maombi ya kazi.

Linabaki kundi moja la viungo ambavyo lazima vibebe siri: cha kubadili nywila na cha kuthibitisha barua pepe. Mtu hawezi kuingia, kwa hiyo ruhusa itasafiri ndani ya kiungo chenyewe, hakuna njia nyingine nyepesi. Hapa kusaini thamani kwa ufunguo wa seva, au kutoa tokeni ya nasibu iliyohifadhiwa kwenye hifadhidata, ni sahihi, ilimradi tusisahau kwamba saini inaonesha kuwa kiungo hakikuguswa, haioneshi ni nani amekishika. Kwa hiyo kiwe na muda mfupi, kitumike mara moja, na kisifanye lolote kwa kufunguliwa tu. Seva ikikipokea iikague tokeni, iihamishie kwenye sesheni, kisha ikielekeze kivinjari mara moja kwenye anwani ambayo haina tokeni. Hapo ndipo ioneshe fomu ya nywila mpya, yenye kitufe cha kuituma kwa POST. Mashine ya kukagua barua pepe ikifungua kiungo kabla ya mwenyewe itaishia kwenye fomu, haitabonyeza kitufe, na tokeni itahesabiwa kuwa imetumika pale tu nywila mpya itakapopokelewa.